Seli ya Saa Kumi, Jumamosi

Kabla ya saa sita mchana Inspekta Saila Tarvonen alitakiwa awe amefanya moja kati ya mawili: ama aiombe mahakama imweke mzee Onni Vartia rumande, ama amfungulie mlango aende zake. La tatu halikuwepo. Na asubuhi hiyo ya Jumanne, theluji ikimwagika bila haya nje ya kituo cha polisi cha mji wa Varkaus, Saila hakuwa na uhakika na lolote kati ya hayo mawili.

Aliyoyajua yalikuwa haya. Jumamosi asubuhi wakazi wa jengo la Koivuranta walikutana kufanya kazi ya pamoja, kama wafanyavyo kila mwaka. Waliyang'oa mabenchi chakavu ya sauna ya chini, chumba cha kuogea mvuke, wakaleta mbao mpya, wakanywa supu ya njegere, kila mtu akapanda kwake kupumzika. Mbao kuukuu na maturubai ya plastiki waliyarundika juu ya jiko la sauna. Nani angeogopa? Sauna ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu, na jiko lilikuwa baridi. Alasiri ya siku ile ile jiko likawaka lenyewe, au likawashwa. Mwalimu mstaafu Terttu Immonen, ambaye chumba chake kiko juu ya sauna, alikuwa amelala usingizi wa mchana. Wazima moto walimtoa kifua kimejaa moshi, na mpaka leo alikuwa hospitali kule Kuopio, mashine ikimvutia pumzi.

Na Onni alionekana akitoka chini, kwenye sauna, muda mfupi kabla ya moshi.

Huyu Onni alikuwa mtunza jengo wa Koivuranta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Halafu likaletwa dude la kuwasha jiko kwa kompyuta, na mzee akapewa shada la maua na kuambiwa asante. Kwenye mkutano wa mwaka alisimama akasema mbele ya watu wote, "Dude hili ipo siku litatuchoma." Ufunguo wa chini hakuurudisha. Na siku aliyotiwa mbaroni alisema sentensi moja tu: "Kama mnatafuta wa kumlaumu, nilaumuni mimi." Baada ya hapo akafunga mdomo, na mdomo wa mzee wa mkoa huu wa Savo ukishafungwa, hata koleo haliufungui.

Simu ililia. Ni Lindroos, mkuu wa upelelezi.

"Ombi la mahakama umeshaandika?"

"Bado, mkuu."

"Saila, sikiliza. Mtu ana ufunguo. Ana kinyongo. Ameonekana. Amekiri nusu. Ulitaka aje na tarumbeta?"

"Nataka kujua aliliwashaje. Swichi ya mkono ina kifuniko chenye lakiri ya plastiki. Lakiri haijakatwa."

"Aliyelitunza jengo miaka yote hiyo atashindwa na kilakiri cha plastiki?"

"Halafu kuna mita ya umeme. Umeme wa jiko ulipanda saa kumi kamili. Si kasoro kidogo, si na ushei. Kamili. Mtu mwenye hasira hasimami mlangoni akitazama saa yake."

"Mfini husimama," Lindroos alisema. "Hapa kwetu hata mwizi huja kwa wakati. Nataka ombi mezani kwangu."

Simu ikakatwa. Saila alichukua vikombe viwili vya kahawa na andazi la iliki, akaenda kumwona mzee.

Onni Vartia alikuwa amekaa wima kwenye chumba cha mahojiano, mikono juu ya magoti, kofia ya sufu juu ya meza mbele yake. Hakugusa kahawa. Hakulitazama andazi.

"Mzee Onni, ile Jumamosi alasiri ulifuata nini chini?"

Kimya.

"Timazi yako ya mbao haipo kwenye sanduku lako la vifaa. Tumeikuta kule chini, imeungua nusu. Uliisahau asubuhi, ukarudi kuichukua, ukaikosa gizani. Nakosea?"

Macho ya mzee yalisogea kidogo, Saila akajua hakukosea. Sasa mtu asiye na hatia, akipewa njia nyepesi hivyo ya kujitetea, kwa nini haipiti? Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa Saila tangu Jumapili.

Akajaribu upande mwingine. "Mhudumu wa nyumbani yuko na mkeo. Anasema mama Helvi hali. Tangu Jumamosi anakunywa maji tu."

Mikono ya mzee ikabana magoti. Kila mtu Koivuranta alijua habari za Helvi. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, na chakula alikipokea mkononi mwa mumewe tu. Msimu wa majani kupukutika aliwahi kusahau sufuria jikoni mpaka king'ora cha moshi kikaita jengo zima, na watu wa ustawi wa jamii wakamwambia Onni waziwazi: jambo la hatari likitokea tena kwa mkono wa Helvi, watamhamishia kwenye nyumba ya wazee. Onni alisikia, akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo hakumwacha mkewe peke yake ila kwa lazima.

"Ukinyamaza, saa sita ikipita, sitakuwa na la kufanya," Saila alisema. Alikuwa anasema kweli. "Utakaa ndani wiki nyingi. Nani atamlisha?"

Mzee alifumba macho.

Saila alipotoka nje gari lake lilikuwa limegeuka kichuguu cha theluji. Akalifyeka kwa mkono wa koti, akawasha, akaelekea Koivuranta.

*

Kimmo Rautala alimpokea kwenye chumba cha mikutano cha jengo. Kimmo alikuwa mwenyekiti wa wakazi, na pia ndiye aliyeiandika programu ya kuwasha jiko. Aliiandika bure, kwa mapenzi yake, na hakuna mkazi aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Saila alivua buti mlangoni, akaingia kwa soksi. Moshi ulikuwa bado unanuka hata kwenye mapazia.

"Kabla hujakaa, Inspekta," Kimmo alisema, "programu yangu haina kosa. Nimeipima Jumapili. Nimeipima jana. Unataka niipime na leo?"

"Nataka unieleze kwanza, kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Haitakuwa kazi ngumu, kwa sababu sijui kitu."

Kimmo alicheka kidogo, akafungua kompyuta yake. Kwenye kioo palitokea lahajedwali: siku za wiki zimepangwa juu, saa zimeshuka pembeni, na katikati visanduku vingi, ambavyo wenyewe huviita seli. Ndani ya kila seli jina la familia na zamu yake ya sauna.

"Watu wanaandika majina humu, kila mtu kutoka kwake," alieleza. "Kila saa ikigonga, programu inakuja kwenye jedwali. Haisomi jedwali zima. Inakwenda kwenye seli moja tu, ya siku hiyo na saa hiyo. Kila seli ina anwani, herufi na namba. Jumamosi ni safu ya G. Saa tisa alasiri ni mstari wa tatu. Basi Jumamosi saa tisa inakwenda G3. Saa kumi inakwenda G4. Hivyo hivyo mpaka jioni."

"Inatafuta nini?"

"Ikikuta jina, inawasha jiko, na mlango unafunguka kwa ufunguo wa mwenye jina. Ikikuta IMEFUNGWA, haiwashi, inaondoka."

"Na ikikuta hamna kitu?"

"Siku za kawaida haiwashi. Jumamosi inawasha, mlango wazi kwa wote. Hilo tulilipigia kura. Jumamosi mtu asikose sauna eti kwa sababu jirani kaenda kumsalimia mama mkwe."

Saila aliandika hilo, akalipigia mstari chini. "Nionyeshe Jumamosi iliyopita."

Kimmo alirudisha wiki moja nyuma. Safu ya Jumamosi yote, kuanzia saa tisa hadi mwisho, ilikuwa dirisha moja jekundu, na katikati yake herufi kubwa: IMEFUNGWA. Ilikuwa safi, ya kupendeza hata.

"Umeona mwenyewe," Kimmo alisema. "Kipofu angeiona. Programu imekatazwa. Kwa hiyo kama jiko limewaka, limewashwa na mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe tunamjua. Sipendi kumsema mzee, lakini kisirani chake kila mtu anakijua. Asubuhi ile ile alinitukana mbele ya watu."

"Alikutukana vipi?"

"Eti nashika nyundo kama nashika kijiko cha uji." Kimmo alionekana bado ameumia.

"Ninachokiona mimi nimekiona," Saila alisema. "Sasa nataka kuona inachokiona programu. Inawezekana?"

"Inawezekana, ila utakuwa unapoteza muda."

"Muda ni wangu." Haukuwa wake hata kidogo. Saa ya ukutani ilikuwa imeshavuka saa nne, na aliisikia kila sekunde ikidondoka.

Kimmo alifungua dirisha jingine, jeusi, akapiga mstari mfupi wa amri: jina la jedwali, halafu kwenye mabano, G3. Akabonyeza. Chini yake likatokea neno: IMEFUNGWA.

"Hilo hapo." Akaanza kuifunga kompyuta.

"Ngoja kwanza. Jumapili ulipoipima, uliuliza seli gani?"

"Hii."

"Na jana?"

"Hii hii. Lakini ni eneo moja, Inspekta, lote jekundu, lote neno moja. Ukionja kijiko kimoja cha supu umeonja sufuria."

"Saa tisa jiko halikuwaka. Mita inasema hivyo. Saa tisa sina shida nayo. Shida yangu ni saa kumi. Iulize ya saa kumi."

Kimmo alishusha pumzi ya mtu anayesumbuliwa, akafuta tatu, akaweka nne, akabonyeza.

Mashine ilijibu haraka, kwa kineno kimoja cha lugha yake ambacho maana yake ni hamna.

Kimmo akabonyeza tena, labda alikosea kidole. Hamna. Akaweka tano. Hamna. Sita, hamna. Saba, hamna. Nane, hamna. Alikuwa anabonyeza polepole sasa.

"Nifafanulie," Saila alisema.

"Zimeunganishwa." Sauti ilikuwa imepungua. "Mtu amezichukua seli sita akazifanya moja kwa macho. Ukiunganisha hivyo, neno linabaki kwenye seli ya juu peke yake. Za chini zinafutwa. Kwenye kioo unaona dirisha moja kubwa, lakini anwani za chini bado zipo, na programu ikienda huko..." Akaonyesha lile dirisha jeusi kwa kidole. "Ikienda huko inakuta hamna kitu."

"Na Jumamosi ikikuta hamna kitu?"

Jibu Kimmo alikuwa ameshalitoa mwenyewe dakika chache nyuma.

"Wewe ndiye uliyeunganisha?"

"La. La, sikiliza. Ijumaa nilikaa hapa hapa nikaandika IMEFUNGWA seli moja moja. Mara sita. Ninaijua programu yangu. Jumamosi wakati wa supu nilitupia jicho kwenye simu, nikaona pamekuwa hivi, nikasema aa, mtu kapapendezesha. Nikarudi kwenye supu."

Saila alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kifua kilimfunguka. Mzee hakugusa jiko. Hakugusa swichi. Dude lilijiwasha lenyewe, kama alivyosema, saa kumi kamili, kwa sababu mashine ndiyo isiyojua kuchelewa wala kuwahi. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu ili ampigie Lindroos, ila mazoea ya kazi yakamrudisha. Bado kulikuwa na swali moja.

"Jedwali linaweka kumbukumbu ya nani amebadilisha nini?"

"Linaweka."

"Fungua."

Kimmo alifungua, akasoma, akaketi vizuri. Uso wake ulirudiwa na rangi, na rangi hiyo haikumpendeza Saila.

"Jumamosi, saa nne asubuhi," Kimmo alisoma. "Mtumiaji: Vartia."

*

Lindroos alisikiliza bila kumkatiza, jambo la nadra.

"Safi sana," alisema mwishoni. "Kwa hiyo hakuwasha kwa mkono. Amewasha kwa akili. Amefuta makatazo, akaacha mashine ya Rautala ijichome yenyewe. Hii ni mbaya zaidi, Saila. Hapa pana mpango. Mwalimu Immonen bado hajaamka, na akitutoka tunazungumzia kifo. Andika ombi."

"Mkuu, nipe nafasi kidogo."

"Saa zinakwenda. Andika."

Saila aliweka simu mezani. Alikuwa amekuja kumtafutia mzee njia ya kutoka, na badala yake alikuwa amempigilia msumari. Angeondoka sasa angewahi kuandika. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake: kinyongo, ufunguo, jina. Kimmo naye alikuwa ameshaanza kujisemea, "Si nilisema? Si nilisema tangu mwanzo?"

"Saa nne asubuhi ile," Saila alimkatiza, "wewe ulikuwa wapi?"

"Chini. Tunang'oa mabenchi."

"Nani alikuwa nawe?"

"Watu wote."

"Sikuuliza watu wote. Benchi refu halibebwi na mtu mmoja. Ncha moja umeshika wewe. Nyingine kashika nani?"

"Onni," Kimmo alisema.

"Ulipotukanwa habari ya nyundo ilikuwa saa ngapi?"

"Muda huo huo. Hata hatujanywa kahawa ya kwanza."

"Alitoka?"

"Hakutoka. Alikaa kunisimamia mpaka supu ilipokuja." Aliyasema kwa shida, maana alikuwa anayaona yanakokwenda. "Labda alitumia simu."

"Simu ya mzee Onni tunayo sisi kituoni. Ni ya vibonye. Inapiga, inapokea, na ina tochi." Saila alikuwa ameshaanza kuvaa buti. "Jina hilo la Vartia linatumika kwenye kompyuta gani?"

"Ya nyumbani kwao. Onni aliingia kwa jina hilo mara moja, mwaka ule tulipoanza, na halijatoka tena." Kimmo aliinua macho kuelekea dari, huko juu waliko akina Vartia.

Saila alipanda ngazi. Sasa alijua kwa nini mzee amekaa ngumu. Jumamosi Onni alipanda nyumbani akitoka kula supu, akaona kitu. Hakukielewa, lakini moto ulipotokea alikiunganisha na kile alichokiona, na akaamua kwamba lawama ziishie kwake. Hakuogopa jela. Alichokiogopa ni gari la ustawi wa jamii mbele ya mlango wake.

Na mimi, Saila aliwaza, ndiye ninayekwenda kuliita.

*

Mhudumu wa nyumbani, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimfungulia mlango. "Hajala bado," alinong'ona. "Nimejaribu uji, nimejaribu mkate. Anageuza uso."

Helvi Vartia alikuwa mezani jikoni, nywele zimechanwa vizuri, sweta limefungwa vifungo vyote. Bakuli la uji lilikuwa limepoa mbele yake. Kando ya bakuli vipande vya sukari vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, vikiwa vimenyooka sawasawa, na magazeti ya wiki nzima yamewekwa moja juu ya jingine, kingo zimelingana.

"Wewe ni binti wa Martta," Helvi alisema.

"Hapana, mama. Naitwa Saila. Natoka polisi."

"Martta alikuwa na binti mrefu." Akamtazama kwa huruma. "Onni hayupo. Kaenda kununua maziwa."

Saila akavuta kiti. "Nimekuja kuuliza habari ya jedwali la sauna, mama Helvi. La Jumamosi. Lile jekundu."

Hapo uso wa mama ulibadilika. Ule ukungu ukamtoka machoni, akanyoosha mgongo, na mtu aliyebaki pale alikuwa mtu wa kazi. Miaka yote ya ujana wake alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya kiwanda cha karatasi, na huko, kama mhudumu alivyosema baadaye, walikuwa wakimwogopa mpaka mameneja.

"Lile," alisema. "Aliyelitengeneza hajafundishwa kazi. Njoo."

Alimwongoza mpaka kwenye kompyuta sebuleni, akakaa, akaweka vidole tayari. Jedwali lilikuwa wazi. Kwenye wiki iliyofuata Kimmo alikuwa ameshaandika IMEFUNGWA kwa kila seli ya kila siku, kwa sababu ya moto.

"Ona. Neno lile lile, lile lile, moja chini ya jingine, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Ofisini kwetu ukimpelekea mkubwa karatasi ya namna hii, anakurudishia bila kuisoma. Jambo likisemwa vizuri mara moja, limetosha."

Vidole vilikumbuka vyenyewe. Alizishika seli za Jumatano zote kwa pamoja. Mashine ikamwonya kwamba maneno ya chini yatafutika, naye akaliondoa onyo kwa kidole bila kulitazama, kama afukuzaye nzi. Seli zikawa dirisha moja. Akasogeza neno katikati, akakuza herufi, akajiegemeza.

"Sasa limependeza," alisema. "Niliwapangia na lile la kwanza. Onni aliponiona alifurahi." Akanyamaza, ukungu ukaanza kurudi. "Amechelewa na hayo maziwa."

Mhudumu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Alikuwa ameelewa. Alimfuata Saila ukumbini, akauliza kwa sauti ya chini, "Inspekta, mimi natakiwa kuripoti kila tukio. Hili niliandikeje?"

Saila alimtazama. Huyu mhudumu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabosi, kama yeye.

"Andika ulichokiona," alisema. "Mama Helvi alikaa kwenye kompyuta, akapanga jedwali la sauna. Hakuna jiko aliloligusa. Kupanga jedwali si jambo la hatari."

Kwenye ngazi alimpigia Kimmo simu, ingawa alikuwa hatua chache chini yake. Hakutaka kuuona uso wake.

"Bwana Rautala, nataka jibu moja, na nitaliandika kama utakavyolitoa. Mtu kafuta maneno kwenye jedwali. Hiyo ni karatasi tu. Nani aliamua kwamba mashine ikikuta hamna kitu, iwashe moto?"

"Tulipiga kura."

"Kura mlipiga kwamba watu wapate sauna Jumamosi. Ile amri nani aliiandika?"

Chini, nyuma ya mlango, Saila alisikia kiti kikisogea.

"Mimi," Kimmo alisema. "Ilikuwa nikae nusu siku zaidi kuandika kinga. Kuiambia kwamba ikikuta hamna, isiwashe mpaka mtu abonyeze mlangoni. Nikaona ni kazi bure." Kisha, kwa sauti ambayo Saila hakuwahi kuisikia kwake, akauliza, "Mwalimu Terttu ataamka?"

"Sijui," Saila alisema. "Nakuja kuchukua maelezo yako leo alasiri. Usiguse hilo jedwali."

*

Lindroos alisoma kurasa mbili alizoletewa, akazirudia tena. Saa sita ilikuwa mlangoni.

"Kwa hiyo hatuna mchomaji."

"Tuna uzembe, na mwenyewe ameukubali. Mchomaji hatuna."

"Na huyu bibi?"

"Ameandikwa. Alipanga jedwali. Hakujua kuna mashine inayolisoma, na hata angeambiwa asubuhi, mchana asingekumbuka. Mwendesha mashtaka ataona yote. Sijaficha kitu, mkuu."

"Ila umekipanga," Lindroos alisema, akimtazama juu ya miwani. Akasaini.

Mzee Onni alikuwa amekaa vile vile, kofia mezani. Andazi lilikuwa halijaguswa. Saila alifunga mlango, akakaa karibu naye, si mbele yake.

"Mzee Onni, jiko halikuwashwa na mkeo."

Kichwa cha mzee kikainuka. Kwa siku zote hizo hakuna aliyemtaja Helvi pamoja na jiko, naye alikuwa amekaa akilisubiri hilo.

"Najua kwamba alizipanga zile seli. Amenionyesha. Kazi yake ni safi kuliko ya wote waliomo kwenye jengo lile. Lakini seli tupu haiwashi moto mpaka mtu awe ameiandikia mashine iwashe, na huyo mtu amejitaja. Nimeandika hivyo. Hakuna mtu anayekuja kwako na gari. Wakija kuuliza maswali, nitakuwepo. Uko huru kwenda, na nitakufikisha nyumbani mwenyewe."

Onni aliishika kofia, akaigeuza, akaigeuza tena. Sauti ilipotoka ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kutumika.

"Amekula?"

"Hajala," Saila alisema. "Anasema umeenda kununua maziwa."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akavaa kofia, akaishusha mpaka masikioni. Akalichukua lile andazi la iliki, akalifunga kwenye leso, akalitia mfukoni.

"Basi tupitie dukani kwanza," alisema.